Ngome ya Kitendawili

Tangu gari lilipotoka Izki, Bi Khamisa alikuwa anaumwa na goti la kulia. Walipofika Sinaw maumivu yakahamia la kushoto.

"Sasa bibi, goti gani hasa?" aliuliza Shahad, mjukuu wake, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha.

"Yanapokezana," alisema Bi Khamisa. "Mwanangu, msije mkanipandisha mlima halafu mkanishusha kwa machela. Turudi tu Nizwa, nikakupikieni biriani."

Kiti cha mbele alikaa wifi yake, Bi Fawziya. Walimpitia Izki asubuhi ile wakamkuta yuko tayari kitambo, kavaa abaya na viatu vya mpira, mkoba wa chakula mapajani. Hakugeuka. Alimtazama wifi yake kwenye kile kioo kidogo cha gari.

"Khamisa," alisema, "magoti yako yana akili kuliko wewe. Kila tukiikaribia Ibra ndiyo yanazidi kulia. Leo utafika mjini kwako, upende usipende, na jibu langu nitalipata."

Jibu lenyewe lilikuwa la kitendawili, na kitendawili chenyewe kilikuwa na umri wa miaka sitini na mbili.

Kilitegwa Unguja, mtaa wa Mkunazini, nyumbani kwa bibi yake Fawziya, aliyeitwa Bi Hajar. Watoto wa jirani walikuwa wakikusanyika pale mkekani baada ya magharibi, na sheria ilikuwa ileile ya siku zote. Mmoja anasema "Kitendawili", wenzake wanaitika "Tega", naye anatega. Wakishindwa, anadai mji: "Nipeni mji." Wanampa mji wowote, Mombasa au Bombay au Makka, naye anauendea kwa maneno tu, anaeleza alivyopokewa huko na alivyolishwa, na akishashiba ndipo anatoa jibu. Bi Hajar aliongeza sheria yake mwenyewe: mji ukishatolewa umekwenda, hautolewi mara mbili.

Siku ile Fawziya alikuwa kama moto wa makumbi. Alishinda vitendawili vyote. Aliichukua Mombasa, akaichukua Lamu, Tanga, Bujumbura, Misri nzima na Bombay, mpaka miji wanayoijua watoto wa Mkunazini ikamalizika. Khamisa, umri wake miaka tisa, hakuwa hata na kijiji. Kwa hasira akasema:

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina mlango mmoja. Wanaingia saba, wanatoka wanane, na ndani hakuzaliwa mtu."

Fawziya alifikiri mpaka uji wake ukapoa ukaota ngozi. Akashindwa. Khamisa akadai mji, na miji yote ilikwisha kuchukuliwa. Ndipo Fawziya akatoa kitu cha kwao, kitu alichokuwa akisimuliwa na babu yake kila Ijumaa.

"Haya, chukua ngome ya wazee wangu Oman," alisema. "Ile iliyo juu ya mlima, ina minara miwili."

Watoto wakanyamaza kwa heshima. Na Khamisa naye akanyamaza, lakini kwa sababu nyengine. Hakuwa na jibu. Maneno yale aliyatupa tu, kama mtu anavyotupa jiwe gizani, kisha akasikia limempata mtu.

"Jibu," alidai Fawziya.

"Bado sijafika," alisema Khamisa. "Oman mbali. Nikifika nitakwambia."

Bi Hajar alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni, akahukumu kwamba ni haki, asiyefika hajibu. Mchezo ukaishia hapo.

Nani angelijua kwamba dunia itageuka, na miaka kumi na mbili baadaye wote wawili watakuwa Oman, tena Khamisa kaolewa na Amur, kaka yake Fawziya, na ngome yenyewe iko mwendo wa saa mbili kutoka jikoni kwake? Kwa miaka hamsini Bi Khamisa alikwepa kuiona. Kwanza alikuwa na mimba. Kisha watoto wadogo. Kisha jua kali, kisha mvua, bonde la wadi limejaa maji, gari halina breki, Ramadhani imekaribia. Kila safari ya Ibra ilipotajwa, yeye alikuwa na unga wa kuchekecha.

Wala si ngome aliyoiogopa. Tangu Amur afariki, yapata miaka sita, Fawziya alikuwa akimpigia simu kila siku asubuhi baada ya sala. Wanaamkiana, wanaulizana habari ya sukari na habari ya watoto, halafu Fawziya anashusha sauti: "Wifi, ni mzinga wa nyuki?" "Siyo." "Ni juma?" "Siyo, na juma lina mlango gani?" "Haya. Kesho." Basi Bi Khamisa huiweka simu chini, siku yake imeshanyooka. Hapo ndipo palipomuuma, magoti yamesingiziwa tu. Mwenziwe akijua kwamba jibu halikuwapo, ile kesho itatoka wapi?

Angeweza kuendelea kukwepa mpaka mwisho lau si Shahad na kitabu chake. Shahad alikuwa mwalimu Nizwa. Alikusanya vitendawili arubaini vya wazee wa ukoo, achapishe kitabu kidogo, kila nyumba ipate kimoja siku ya Idi. Majibu yaliwekwa nyuma. Yalipatikana thelathini na tisa, na mwenye mashine ya kuchapa alikuwa anataka kazi yake Jumapili.

"Bibi, hii kitendawili ndiyo ya mwisho," alikuwa amemwambia, kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza. "Bibi Fawziya anasema wewe huwezi kujibu mpaka umefika kule. Khalas, Ijumaa nakupeleka."

Na kweli akampeleka.

Kijiji kilikuwa nyuma ya Ibra, mitende chini, mlima juu, na ngome juu ya mlima kama meno ya kizee, mnara mmoja mzima na mmoja umebaki nusu. Waliegesha gari kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende. Mwenye shamba la pale, mzee mmoja jina lake Musallam, akatoka na birika la kahawa na sahani ya tende. Bi Khamisa alimpenda mara moja. Alimwambia kwa Kiarabu, taratibu, kwamba bila shaka njia ya huko juu ni mbovu na watu huanguka.

"Zamani," alisema Musallam. "Mwaka jana tumejenga ngazi, na chuma cha kushikia. Mama yangu hupanda kila wiki."

"Mama yako ana umri gani?"

"Tisini na mbili."

Bi Khamisa akala tende tatu mfululizo. Fawziya alikuwa anacheka ndani ya kikombe.

Wakaanza kupanda. Ngazi ya ishirini Bi Khamisa akasimama.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," alijibu Fawziya papo hapo, akakaa kitako. Hakuwahi katika maisha yake kukipita kitendawili akakiacha kimesimama peke yake.

"Mzee wangu akipiga kelele, nyumba nzima inakuja na vikombe."

"Birika la maji ya moto. Inuka."

Ngazi ya hamsini. "Kitendawili. Namvua nguo zake zote, yeye halii, nalia mimi."

"Kitunguu. Hicho cha skuli, Khamisa. Inuka."

Ngazi ya tisini. "Kitendawili. Anakwenda chooni na wewe, anakwenda sokoni na wewe, ukiingia msikitini unamwacha nje."

"Viatu," alisema Fawziya, akavitazama vyake. "Wifi, unategea kupumzika. Nakuona."

"Napumzika huku nafikiri."

"Unafikiri nini? Jibu si unalo?"

Bi Khamisa akashika chuma, akapanda. Alikuwa anafikiri hilohilo. Usiku kucha alikuwa amelala macho wazi anakitafutia kitendawili chake jibu, akajaribu chungu, kisima, mkoba, kinywa, na kila kitu kilikataa ama saba ama wanane. Jibu moja tu lilikaa sawasawa, kama kifuniko cha sufuria yake, na hilo hakuweza kulitumia, kwa sababu Fawziya alikwisha kulisema.

Ilikuwa Matrah, siku ya harusi. Bibi harusi Khamisa kakaa chumbani na dhahabu zake, macho chini, hasemi wala hacheki, ndivyo inavyotakiwa. Wakaingia wanawake wa kwao Amur kumtoa nje aonekane. Fawziya alikuwa mbele. Wakamsimamisha, na walipofika kizingitini Fawziya akamnong'oneza sikioni: "Wifi, nimelipata. Chumba cha bibi harusi. Tumeingia saba, tunatoka wanane, na humu hakuzaliwa mtu."

Bi Khamisa alikuwa anakumbuka mpaka leo alivyoshtuka. Jibu lilikuwa zuri kuliko kitendawili chenyewe. Lakini alikuwa na miaka ishirini na moja, anaingia nyumba ya watu, na kitu pekee alichokuwa nacho juu ya wifi huyu mwenye ulimi ni ile ngome. Asingeweza kusema, bibi harusi hasemi. Akatikisa kichwa: siyo. Ukumbi mzima ukaona bibi harusi anatikisa kichwa mlangoni, na mama mkwe akashika ukuta, akidhani mwanawe amekataliwa mbele ya watu.

Ngazi ya mia na arubaini ilikuwa ya mwisho. Wakapita chini ya lango lisilokuwa na mlango, wakaingia uani. Ngome yenyewe ilikuwa imechoka. Mapaa yalikwisha kuanguka zamani, vyumba vimebaki kuta za mawe na udongo, udongo umemegeka kama mkate wa juzi. Mbuzi walikuwa wameacha alama zao kila pahala. Lakini upepo ulipita vizuri, na ukisimama ukingoni unaona mitende yote ya kijiji, falaji linavyopinda katikati yake, na kigari cha Shahad chini kabisa, kidogo kama sabuni.

"Mashallah," alisema Bi Khamisa, na alisema kweli. Kwa muda mdogo alisahau kilichomleta.

Fawziya hakusahau. Alichagua jiwe lenye kivuli, akakaa, akavua viatu, akaweka mikono magotini. Shahad akatoa daftari.

"Umefika," alisema Fawziya. "Anza ulivyopokewa."

Bi Khamisa akasimama katikati ya ua, akakohoa.

"Nimekwenda, nimekwenda, nimefika ngome ya juu," alianza, kwa sauti ileile ya mkekani. "Nimepokewa na wenyeji, wamenitandikia zulia, wamenifukiza udi. Wameniletea kahawa. Wameniletea na tende, aina ya khalasi. Wameniletea nyama ya kuchoma iliyofukiwa siku mbili. Wakaniletea na mkate wa kumimina, na chai ya maziwa, na..."

"Kwenye ngome ya Waarabu wameupata wapi mkate wa kumimina?" aliuliza Fawziya.

"Waliagizia."

"Haya. Umeshiba?"

"Bado kidogo. Wakaniletea na halua..."

"Khamisa. Umeshiba."

Bi Khamisa akamtazama. Wifi yake alikuwa kainama mbele, kidevu juu, macho yamemkaa kama ya mtoto anayengoja kuonjeshwa sufuria. Bi Khamisa alikuwa na uongo mmoja mkononi. Angeweza kusema ni tundu la njiwa, waingia saba watoka wanane, yai limeanguliwa. Kinda huanguliwa, hazaliwi. Lingepita. Fawziya angelalamika, angecheka, na Shahad angeandika. Lakini uso ule, ukiambiwa ni njiwa, ungeamini, na ungekwenda kaburini unaamini.

"Sina," alisema.

"Huna nini?"

"Jibu. Sina, Fawziya. Sijapata kuwa nalo. Nilikuwa nimekasirika umenimalizia miji, nikasema maneno tu."

Shahad aliacha kuandika. Mbuzi mmoja alilia upande wa pili wa ukuta.

"Si mzinga wa nyuki?" aliuliza Fawziya, polepole.

"Si chochote."

"Kwa hivyo mie miaka sitini na mbili napiga hodi kwenye nyumba isiyokuwapo."

"Na liko jengine," alisema Bi Khamisa, maana alijua akinyamaza hapo hatasema tena. "Siku ya harusi yangu ulinijibu. Chumba cha bibi harusi. Lile lilikuwa jibu, tena jibu hasa. Ningekubali, ngome ingekuwa imekurudia palepale. Nikatikisa kichwa. Niliona uchoyo. Na baadaye nikaona ukishajua hutaniuliza tena, na mie napenda uniulize."

Fawziya alivaa viatu vyake, kimoja kimoja. Akainuka. Alikuwa mfupi kuliko Bi Khamisa kwa kichwa kizima, lakini pale hakuonekana mfupi.

"Toka," alisema.

"Niende wapi?"

"Nje. Ngome hii yangu tangu ulipoolewa, na wewe umeingia bila ya kupiga hodi."

Bi Khamisa akatazama kama ni mzaha. Hakuweza kujua. Akashika fimbo yake, akatoka, akasimama nje ya lango juani, magoti yanamuuma kweli sasa.

"Hodi," alisema.

Kimya.

"Hodi wenyewe."

Akasikia nyayo juu ya kichwa chake. Palikuwa na ngazi fupi ya mawe ndani, na juu ya lango palikuwa na chumba kidogo chenye tundu sakafuni. Katika tundu lile akautokeza uso wake Fawziya, umeelekea chini.

"Bibi Fawziya, unajua tundu hiyo ya nini?" Sauti ya Shahad ilitoka uani, ya ualimu kabisa. "Adui akija mlangoni, walikuwa wanamwaga asali ya tende. Ya moto."

"Asali sina," alisema Fawziya. "Nina chai kwenye chupa."

"Ina sukari?" aliuliza Bi Khamisa kutoka chini. "Daktari kanikataza."

Uso ukaondoka tunduni. Kisha pakasikika mguno, kisha kitu kama kikohozi, na Bi Khamisa, aliyemjua mwanamke yule tangu hana meno ya mbele, akajua kwamba anazuia kicheko na hawezi. Badala ya chai yakamwagika maji ya kunywa, ya baridi, kichwani na begani. Alipiga yowe, akabaki palepale.

"Hiyo ya harusi," ilisema sauti kutoka tunduni. "Mama yangu alikunywa maji ya zafarani siku tatu, moyo umtulie, kwa kichwa chako kile. Sasa nisikilize. Kesho asubuhi nitakuuliza nini?"

"Niulize nimeamkaje."

"Hilo nakuuliza kila siku, wala halina utamu. Kesho utanipigia wewe. Na kesho kutwa wewe. Kitendawili kipya kila siku, na jibu unamwandikia Shahad kwanza kwenye karatasi, anaiweka. Sikuamini tena."

"Kila siku nitavitoa wapi?"

"Ulikitoa wapi kile?"

Bi Khamisa alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio. Alikuwa anacheka, na maji yanamuingia mdomoni.

"Nimekubali," alisema. "Hodi, mwenye ngome."

"Karibu," alisema Fawziya. "Na ufute miguu, pana mbuzi."

Wakala chini ya mnara mzima, kwenye mkeka wa plastiki aliouleta Shahad. Fawziya, kwa kuwa ni mwenyeji sasa, aligawa chakula mwenyewe, vitumbua na samaki wa kukaanga na ndizi, na kila akimpa wifi yake alikuwa akimpa kile kilichoungua kidogo. Bi Khamisa alikila bila ya kulalamika. Begani nguo yake ilikuwa inakauka, na kifuani alihisi wepesi wa ajabu, kama aliyetua ndoo aliyosahau kwamba ameibeba.

Shahad alikuwa amefungua ukurasa wa mwisho.

"Basi jibu naandika nini? Chumba ya bibi harusi?"

"Chumba cha," alisema Bi Khamisa.

"Andika hivyo," alisema Fawziya. "Na chini yake andika, amejibu Fawziya binti Hamdun. Kwa herufi kubwa."

"Andika na langu," alisema Bi Khamisa. "Andika kwamba aliyetega hakuwa na jibu."

Shahad akamtazama. Kila mtoto wa ukoo ule alimjua Bi Khamisa kuwa ndiye mwenye vitendawili. Idi zote walikuwa wanamzunguka yeye. "Bibi, watasoma wote. Wajomba watasoma."

"Waache wasome. Si ndiyo kweli?"

Fawziya alikuwa anatoa mwiba wa samaki kidoleni. Alifikiri, akaupuliza mwiba uende zake na upepo.

"Hebu kwanza, mwanangu," alisema. "Ukiandika hivyo watu watasema alidanganya. Andika kwamba alikuwa na miaka tisa."

Shahad akaandika. Bi Khamisa akameza kitumbua kwanza.

"Lakini siku ya harusi," alisema, "nilikuwa na ishirini na moja."

"Hapo," alisema Fawziya, akimsogezea wifi yake samaki mwengine, "ndipo uandike alidanganya."